Kesi Iliyoisha mu Karatasi

Butembo, Mususa, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Phinées,

Salamu kwako, kwa bibi yako na batoto. Sisi huku tuko. Mvua inanyesha kila mangaribi, na batu wenye kukimbia vita kutoka Alimbongo bangali wanafika na magodoro ku kichwa. Familia mbili nimezipa chumba cha nyuma ya bureau, kile tulichofanyia mikutano ya bajane wa association yetu. Usikasirike, hakukuwa fasi ingine.

Nakuandikia mu karatasi kama tulivyopatana tangu siku ya kwanza: jina la mujane halipiti mu telefone. Mama Christa anashuka Beni kesho na haricots zake, maharagi ya kuuza, atakupa barua hii mu mikono. Jibu umupe yeye, si mutu mwingine.

Fondation imetuandikia. Unajua kama kwa miaka kenda ni wao peke yao waliokubali kutusaidia kupeleka kesi za mashamba mu tribunal; wengine wote walitaka kutupa sabuni na cherehani. Sasa wamegeuza orientation. Monsieur Gérard, yule anayeshika dossier yetu kule Bruxelles, anasema conseil yao iliketi, wakaona kesi zinachukua miaka mingi na matokeo hayaonekani. Kuanzia mwaka huu wanataka vitu viwili: mapatano kati ya batu, na mbuzi za kufuga. Haki, hilo neno, sikuliona mu barua yao yote. Nimeisoma mara tatu.

Usiogope. Nilifundisha batoto miaka makumi mbili na tatu, najua namna ya kujibu mutu anayeuliza swali huku amekwisha kuchagua jibu. Walipotaka "sensibilisation" tuliandika sensibilisation. Walipotaka "genre" tuliandika genre. Kisha ikakuja "plaidoyer", kisha "résilience". Bajane walikuwa wale wale, na mashamba yale yale.

Kitu kimoja tu naomba: niandikie haraka ni kesi gani za bureau yako ya Beni zimeisha, ao ziko karibu kuisha. Usiulize sana. Nitakuelezea tukionana.

Shemeki wako,
Marie-Jeanne Kavugho


Beni, Mulekera, tarehe 8 mwezi wa tatu 2025

Mama Sagesse,

Barua ilifika. Christa aliniachia na haricots kidogo juu ya bibi yangu. Wasingya, asante.

Umesema nisiulize sana. Mimi nauliza.

Kesi yenye kuisha haiko. Hata moja. Ya Kavuo njo iko karibu, mais karibu ya kusikilizwa, hapana ya kuisha: audience ni tarehe 29 ya mwezi wa ine. Dossier unaijua kunishinda, lakini nairudilia, nisikie kama tungali tunaongea kitu kimoja. Bwana ya Kavuo aliuawa mu shamba yake ya kakao, mwaka ile batu walikuwa wanakatwa na mapanga kila juma. Kavuo akakimbia na batoto, akakaa mu mji miaka tatu. Kurudia, anakuta Nzanzu, ule mufanya-biashara, ameweka walinzi mu shamba, anavuna kakao, anaonyesha karatasi yenye kusema kama marehemu alimuuzishia. Tarehe ya ile karatasi ni siku kumi na moja kisha maziko. Mufu aliamuka, akaweka mukono ku karatasi. Mutoto wa primaire anaweza kushinda ile kesi, akipata avocat wa kumusindikiza.

Sasa nilienda kwa Maître Delphin, avocat wetu, juu tutengeneze bashahidi. Akaangalia dirisha, akasema: "Phinées, si mulisema ningoje?" Nikamuuliza ni nani alisema. "Coordinatrice," akasema, "ku telefone."

Donc jina ya mujane haipite mu telefone, mais kesi yake inaweza kusimamishwa mu telefone?

Pengine Delphin hakusikia muzuri. Pengine. Niandikie kama ulimuambia angoje, na juu ya nini, na juu ya nini mimi sikujua. Kavuo anakuya ku bureau kila siku ya kwanza ya juma. Anakaa ku kiti ya karibu na mulango, ananiangalia. Haulizi kitu. Ingekuwa muzuri aulize.

Huku habari ingine hakuna.

Phinées Kahongya


Butembo, Mususa, tarehe 16 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Phinées,

Ni kweli. Nilimuambia Maître Delphin angoje. Angoje, sikusema aache. Fondation haijakubali bado mwaka mupya. Wakikataa, avocat huyo atasimama kwa nguvu ya nani? Nilitaka kwanza nijue tuko wapi, ndipo nikuambie.

Lakini na mimi nina ulizo. Mu barua yako uliandika: "huku habari ingine hakuna." Christa ameniambia kama siku aliyokuletea barua yangu alikuta jeep nyeupe mbele ya bureau ya Mulekera. Mama mumoja mwenye miwani, anaongea Kifaransa cha Kinshasa, ameketi ku meza yako, ordinateur imefunguliwa, na wewe unamutolea madossier moja moja. Ulipomuona Christa, ulitoka ukapokelea barua inje, ku barabara, na ukafunga mulango nyuma yako.

Christa hajui kusoma, na hana sababu ya kutunga.

Nilimuandikia Monsieur Gérard kumuuliza kama walituma mutu. Alijibu kisha siku ine, mustari mumoja: kwamba consultante wao "anaongea kwa uhuru na pande zote." Pande zote! Kumbe tuko pande. Mimi nilifikiri tuko nyumba moja.

Éliakim alipokufa na familia yenu ikakuja kunitosha, kunifukuza mu nyumba ya bwana yangu, Sagesse akiwa mutoto mudogo ananishika kikwembe, ni wewe peke yako, mudogo wake wa mwisho, uliyesimama mu mulango ukasema: "Shemeki hatoki." Hata baba yako alikutemea mate. Siku ile sikukuuliza kitu, nilijua. Leo nakuuliza: ule mama alitaka nini, na uliufunga mulango juu ya nini?

Marie-Jeanne


Beni, Mulekera, tarehe 12 mwezi wa ine 2025

Mama Sagesse,

Kwa majuma matatu sikujibu, nilikuwa nangojea hasira ishuke. Haikushuka.

Ule mama ni consultante, ni kweli. Alikuya bila kutangaza. Alisema Fondation inataka kusikiliza "watu wa chini", ile njo modi yao ya sasa: kupita juu ya bureau kubwa na kuongea na kila antenne, bureau mudogo, kando. Aliniomba nisikuambie. "C'est confidentiel, ni kwa kulinda kila mutu." Aliniuliza namna ya kazi, nikajibu. Njo ile tu. Ningekuambia mwenyewe, ni Christa alinitangulia.

Sasa tuongee yako.

Juma iliyopita ule mama alinitumia rapport juu nione kama majina ya mitaa iko sawa. Rapport ulituma wewe. Na picha ya bajane wetu, wamepigwa picha mu mugongo, vikwembe vyote vinaonekana. Page ya sita: "Madame K., commune ya Mulekera, shamba ya kakao: conflit réglé à l'amiable."

Nilifikiri kuna Madame K. mwingine. Nikatafuta. Hakuna.

Nilimusomea Kavuo. Sikutaka kumusomea, mais ni jina yake. Akauliza:

"Réglé ni nini?"

"Ni kusema imeisha. Mulipatana."

"Imeisha, mimi nikiwa wapi?"

Akaendelea: "Nani alikula ile mapatano yangu?" Akasimama, akaenda, na siku ya kwanza ya juma yenye kufuata hakukuya.

Mama Sagesse, hapa batu wanaongea. Wanasema Nzanzu anakaaka banc ya mbele mu paroisse yenu akifika Butembo, na bati za toiture mupya zilitoka kwake. Wanasema alionekana Mususa mu mwezi wa pili, ku mulango wako, na akakawia. Mimi ni Protestant, mambo ya paroisse yenu siijui. Nauliza tu. Ulimuambia avocat angoje. Uliandika kesi imeisha. Na Nzanzu alikuya kwako. Kama ungekuwa fasi yangu, ungefikiri nini?

Sema kama ni bongo, kama batu wanatunga uongo. Nataka iwe bongo.

Phinées


Butembo, Mususa, tarehe 17 mwezi wa ine 2025

Shemeki,

Haiko bongo. Sikiliza yote, kisha uhukumu.

Nzanzu alikuja. Alikaa saa moja mu salon, akakunywa chai, akasema anachoka na mambo ya tribunal, yuko tayari kumuachia Kavuo kipande cha shamba, upande wa mutoni, yeye abakie na kingine. Nilipaswa kumufukuza. Sikumufukuza. Nilimuambia nitaona. Hakunipa kitu, na bati aliipa kanisa, si mimi. Lakini alipotoka nilifikiri: basi kuna mazungumuzo, na mazungumuzo ndiyo Fondation inataka. Mu rapport nikaandika kwamba kesi ya Kavuo iko "mu njia ya" kuisha.

Gérard akairudisha. Alisema "mu njia ya" haingii mu tableau. Mu tableau yao kuna ndiyo na hapana. Ni hivi batu wote wanafanya sasa, akasema, conseil inataka kuona ngapi zimeisha, na mimi sikuwa hata na moja. Nikaangalia ile case, kile kisanduku cha jibu, siku mbili. Mu nyuma ya bureau batoto ba bakimbizi walikuwa wanalia, mwenye nyumba alikuwa amepita asubui kudai kodi, na copie za dossier za bajane kumi na ine wa Beni zilikuwa ku etagère. Nikaweka "ndiyo".

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungekataa. Ni hiyo tu. Nilijua ungekataa, na ungekuwa na haki.

Sasa na wewe maliza yako. Uliandika: "Aliniuliza namna ya kazi, nikajibu." Consultante ametoa évaluation yake, Gérard amenisomea kipande ku telefone: "Coordinatrice anaamua yote peke yake, antenne haielezwi kitu." Antenne! Shemeki, kwa miaka hii yote mimi nasema bureau ya Beni, Delphin anasema bureau ya Beni, bajane wanasema kwa Phinées. Neno antenne linatumiwa na mutu mumoja tu mu association yetu, na umeliandika tena mu barua yako ya mwisho.

Audience ni kisha siku kumi na mbili. Nimemuambia Delphin aende. Anasema atafikiri.

Marie-Jeanne


Beni, Mulekera, tarehe 30 mwezi wa ine 2025

Mama Sagesse,

Jana ilikuwa audience. Naandika bila kupumuzika, ukisoma usome mu kiti.

Delphin alikuya, juu nilienda kukaa ku mulango yake siku mbili mpaka bibi yake akamuambia anitoshe pale ao anifuate. Kavuo alikuya pia, sikumuita. Alivaa kikwembe ya Pasaka. Bashahidi wetu watatu walikuwa ku banc. Nilijiambia: karatasi ya mufu mwenye kuweka mukono, juge ataicheka.

Mais avocat wa Nzanzu hakuongea juu ya ile karatasi, hata kidogo. Alitosha mu serviette, mukoba yake, makaratasi mane ya rangi, akasema: "Monsieur le Président, hatuna kesi tena. Association yenye kumusimamia huyu mama imetangaza yenyewe, mbele ya dunia yote, kama wamepatana." Ilikuwa page ya sita. Na logo yetu. Fondation iliiweka ku site yao ya Internet, na Nzanzu ana batu wenye kujua kusoma.

Président wa tribunal aliisoma polepole. Akamuuliza Kavuo:

"Mama, mulipatana na huyu bwana?"

"Hapana."

"Na hii karatasi inasema nini?"

Kavuo hakumuangalia Nzanzu. Aligeuka akaniangalia mimi. "Muulize ile baba," akasema. "Bao njo banajuaka kuandika."

Nilisimama. Nilisema ni erreur, ni kosa. Avocat akauliza kama ni mimi niliandika. Nikasema hapana. "Basi kaa chini," akasema, na batu wakacheka.

Président amesogeza audience ku tarehe 20 ya mwezi wa tano. Amesema mwenye kuandika ile rapport akuye mwenyewe kueleza. Asipokuya, ataichukua vile iko, na shamba imekwenda.

Sasa yangu. Antenne, ni mimi. Ule mama alinipatia kahawa ya thermos yake, akaniuliza polepole kama ninafurahi, na hakuna mutu alikuwa ameniuliza ile neno kwa miaka mingi. Nilisema unaamua peke yako. Nilisema hutuelezi kitu. Nilisema pia kama umezeeka. Ile hawakuiandika, mais niliisema.

Utakuya?

Phinées


Butembo, Mususa, tarehe 6 mwezi wa tano 2025

Shemeki Phinées,

Kama nimezeeka ni kweli, ile isikuumize.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikamupigia Monsieur Gérard. Nilimuomba watoshe ile page ku Internet na waandikie tribunal kama si kweli. Aliniambia nisiende Beni. Akasema kama coordinatrice anaapa mbele ya juge kwamba rapport yake ni ya uongo, conseil italazimika kufunga dossier yetu, na hata ma-association mengine ya Kongo yataumia, kwa sababu siku hizi wanatafuta sababu ya kupunguza. Juriste wao ataandika "note de clarification". Nikauliza siku gani. "Mu majuma yanayokuja." Nikamuambia audience ni tarehe 20. Akasema anasikitika sana. Anasikitikaka vizuri, yule mutu.

Miaka kenda tuliandika mu kichwa cha kila karatasi kwamba tunasaidiana kutafuta haki. Sasa naombwa ninyamaze mbele ya juge kwa heshima ya tableau.

Uliniambia yako, nakuambia yangu. Na mimi waliniuliza juu yako. "Monsieur Phinées anaweza kuongoza peke yake?" Walisema ni confidentiel. Ilikuwa juma ile Christa alinieleza jeep, na moyo ulikuwa unaniwaka. Nilijibu: "Ni mutu muzuri, lakini hachungi siri, na makaratasi yanamupotea." Nilikuwa na hasira ya kutoambiwa kitu, nikaandika kama hujui kunyamaza. Ona ujinga.

Leo Gérard ananiambia wameona "hakuna imani kati ya Butembo na Beni." Walituuliza kila mumoja kando juu ya mwenzake, kisha wakashangaa.

Sijui kama nina nguvu ya kusimama mbele ya batu na kusema nilidanganya. Nilipokuwa mwalimu niliwaadibisha batoto kwa kitu hicho. Nusu ya batu wa tribunal ya Beni ni batoto niliowafundisha Butembo.

Usimuambie Kavuo kama nitakuja. Usimuambie kama sitakuja. Amekwisha kusikia maneno mengi kutoka kwetu.

Marie-Jeanne


Beni, Mulekera, tarehe 21 mwezi wa tano 2025

Mama Sagesse,

Jana ulitoka mu tribunal, ukapanda moto, ile pikipiki ya taxi, ukaenda bila kugeuka. Nilikimbia mpaka ku barabara, vumbi tu. Sijui kama ilikuwa haya, ao ungali unaniogopa. Christa atakukuta na barua hii kabla hujaanza kujilaumu sana.

Nilikuona ukiingia. Ukweli ni huu: nilikuwa nimekwisha kumuambia Delphin kama hutakuya. Nilikuwa tayari kukuchukia, nilikuwa nimeshatengeneza na maneno.

Avocat wa Nzanzu alipokuuliza: "Mama, ulidanganya Wazungu, ao unadanganya tribunal?" na ukajibu "Wazungu," batu walicheka, hata mapolisi. Wewe hukucheka. Président naye hakucheka. Alikuuliza juu ya nini. Nataka kuiandika vile ulisema, juu greffier, ule mwandishi wa tribunal, aliifupisha: "Walikuwa na fasi mbili tu za kuandika, ndiyo na hapana. Niliogopa hapana itafunga bureau. Sikumuuliza mwenye shamba." Kisha ukageuka kwa Kavuo, ukasema: "Sikukuuliza."

Kavuo hakuitika. Wewe pengine ulifikiri hakukusikia. Alisikia.

Kisha ulipotoka, Président alitosha ile rapport mu dossier. Akachukua karatasi ya Nzanzu, akamuuliza aeleze namna mutu mwenye kuzikwa anaweka mukono. Nzanzu akasema ni erreur ya tarehe. "Leo kila mutu ana erreur," Président akasema. Jugement itasomwa mu mwezi wa saba.

Mambo ingine hutaipenda. Kutoka pale, Kavuo alinifuata ku bureau, hakukaa ku kiti yake. Alisimama. "Nipe dossier yangu." Nikamuambia hapa iko salama. "Salama ya nani?" Nilimupa. Aliweka dole mu karatasi ya kupokea, mais alikataa kuweka mpaka nimusomee ile karatasi mara mbili, na kisha akaita muuza-mukate wa ku barabara akuye kuisoma tena, aone kama nilisoma sawa. Leo asubui wengine kumi na tatu wamekuya. Mumoja mumoja. Etagère haina kitu. Niko na meza, kiti tatu na kalenda.

Mangaribi email ya Gérard ilifika, kwako na kwangu pamoja, mara ya kwanza kutuandikia pamoja. "Fin de partenariat": msaada umeisha. Anatutakia courage.

Bureau ya Mususa itabidi iachwe. Nitapanda kukusaidia kutosha vitu, ukikubali. Ukikataa nitasikia.

Phinées


Beni, Mulekera, tarehe 4 mwezi wa saba 2025

Shemeki Phinées,

Natumaini kazi ya kuhama inaendelea na Sagesse anakupikia. Makabati uachie familia za Alimbongo, watayatumia kama mulango. Cachet, ile muhuri ya association, uiweke mu maji ya moto mpaka mpira utoke. Kuna batu wanaopenda cachet zisizo na mwenyewe.

Unashangaa kuona naandika kutoka kwako Mulekera, na bibi yako anasema hajui nitaondoka lini. Ni bajane waliniita. Walimutuma Christa kwa mudomo, hawakuandika. Wanakutana sasa kila siku ya ine ya juma ku kiwanja cha Kavuo, kila mumoja na dossier yake mu kikwembe. Wamechagua wakubwa wao. Sisi wawili hatumo, hata jina letu halikutajwa, niliuliza. Wanachotaka kwangu ni kitu kimoja: niwafundishe kusoma. Si kitabu. Convocation ya kuitwa ku tribunal, procès-verbal ya maneno yaliyosemwa pale, karatasi ya kuuzishia shamba. Wanataka kujua tarehe iko fasi gani, na jina, na mukono wa nani.

Mara ya kwanza tukikutana niliwauliza kwa nini mimi, na vile nilivyowafanyia. Kavuo akajibu mbele ya wote: "Unajua fasi bongo inakaaka mu karatasi. Utuonyeshe."

Sikulia pale. Nililia kwa bibi yako.

Hawaniamini, shemeki, usijidanganye. Nikiandika kitu ku ubao, mumoja anakinakili na kwenda kumuonyesha pasteur wenu, kisha mwingine anamuonyesha padri, ndipo wanarudi siku yenye kufuata tunaendelea. Juma lililopita mama mumoja wa fondation ingine, si ile yetu, alifika na appareil ya picha. Anasema wao wanapenda sana haki, na wanapenda kuongea na bajane moja kwa moja, bila mutu katikati. Bajane walimuketisha, wakamupa ndizi, wakamuuliza juu ya rapport zake saa nzima. Nani anaisoma? Inakaa wapi? Nani anaweza kuitosha? Akasema atarudi. Wamemuambia akirudi alete kwanza mufano wa karatasi, waisome wenyewe, na hilo litachukua mwaka.

Jana jugement ilisomwa. Karatasi ya Nzanzu imefutwa. Walinzi wake wana siku kumi na tano za kutoka mu shamba. Anaweza kukata rufaa, na Delphin anafikiri atakata. Kavuo hakupiga vigelegele. Aliomba copie, akatafuta tarehe na kidole chake, akaipata, akatafuta jina lake, akalipata, kisha akaikunja. Asubui hii ameenda kuangalia miti ya kakao. Mingi imezeeka bila kupogolewa, amesema, lakini iko yake.

Barua hii haikufikii kama zile za kwanza. Ni masharti yao: kila ninachoandika juu ya kesi ya mumoja wao kinasomwa kwa sauti kabla ya kutoka, hata barua kwa shemeki wangu. Nimeisoma yote mbele yao, na mahali pa kulia pia. Kisha Kavuo akainua mukono kama mutoto wa shule, akaniomba nirudie pale pa jugement. Niliandika pale: "Tumeshinda."

"Tumeshinda, nani?" akauliza.

Nimelifuta.

Marie-Jeanne